Risasi iandikwe kwenye daftari gani?

Kizota si mahali pa kuogopa bunduki. Ni kata ya maghala ya mahindi, mashine za kukamua alizeti, malori yaliyopanga foleni na bodaboda zinazokatiza katikati yake. CCM walifanyia hapa mikutano yao mikuu kwa miaka mingi, na hata siku zile silaha zilizoonekana zilikuwa za walinzi tu. Ukimuuliza mkazi wa Kizota nini kitamuua, atakutajia barabara, presha, au bodaboda ya mwanawe. Kwa sababu hiyohiyo nimeona hapa ndipo pa kuuliza swali ambalo wenzetu waliliuliza wakiwa wameshachelewa: jeraha la risasi ni jambo la polisi peke yao, au ni janga la afya ya jamii linaloweza kuzuiwa kabla halijatokea, kama tunavyozuia kipindupindu? Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza mwaka 1996 kuwa ukatili ni tatizo kubwa la afya ya umma. Sijui ni wangapi hapa waliosikia.

Basi nimewakalisha kwenye benchi moja, nje ya mashine ya alizeti, watu ambao Kizota hupishana kila siku bila kuulizana jambo hili. Nimewabuni mwenyewe. Hawana majina, wana kazi: sajenti mstaafu wa polisi, tabibu wa kike wa chumba cha dharura, mwenye mashine, mzee wa Kigogo kutoka Chemba aliyeleta alizeti yake, na kijana wa bodaboda. Mzee kaanza kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi", wameitikia, afande kaingia moja kwa moja.

AFANDE: Mimi sina maneno mengi. Mgonjwa aende hospitali, mhalifu aje kituoni. Aliyeshika SMG akasimamisha basi kwenye pori la Biharamulo hana virusi, ana tamaa. Mabasi ya Kigoma na Kagera tuliyasindikiza kwa askari wenye silaha, hatukuyasindikiza kwa madaktari. Mkianza kumwita jambazi mgonjwa, kesho wakili wake atasimama mahakamani amuombee dawa.

TABIBU: Afande, hakuna aliyesema jambazi apewe vidonge. Mgonjwa ninayemzungumzia ni yule niliyekesha naye kwenye zamu. Analetwa saa tano usiku nyuma ya bajaji, ndugu wanapiga kelele. Tunachana shati kwa mkasi. Tundu la mbele dogo, pengine halifiki ukubwa wa kifungo cha hilo shati. Ukimgeuza mgongoni ndipo unajua una kazi gani. Unaweka dripu mikono yote miwili, unatafuta damu, unampigia daktari wa upasuaji, na mlangoni kuna mtu anauliza, "Dokta, na PF3 je?"

KIJANA: Si ndiyo sheria? Bila PF3, fomu ya polisi, hutibiwi.

TABIBU: Anayevuja damu tunamtibu kwanza, karatasi inafuata. Lakini hiyo karatasi ndiyo ugomvi wangu na Afande. Naijaza: jeraha liko wapi, ukubwa wake, limesababishwa na kitu gani. Inarudi kituoni, inaingia kwenye jalada, jalada linakwenda mahakamani. Kesi ikiisha, karatasi imekufa. Hakuna anayezichukua zote za mwaka akazitandaza mezani.

AFANDE: Kwa sababu PF3 ni kielelezo. Si daftari la takwimu.

Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo penye tatizo. Jeraha la risasi nchini kwetu lina karatasi moja inayopita mikono ya polisi, ya mganga na ya hakimu. Kila mmoja anaisoma kwa ajili ya mtu mmoja: nani kaumizwa, nani kaumiza. Swali la wangapi, saa ngapi, kwa silaha iliyotoka wapi, halina mwenyewe.

MZEE: Mwaka 2016 kule kwetu watu walianza kugeuka macho ya njano. Tumbo linajaa, mtu anakwisha siku chache. Walikuwapo waliosema ni uchawi, na walikuwapo waliokwisha kumtaja mchawi. Wakaja watu wa serikali. Hawakuuliza nani karoga. Waliuliza: mmekula nini? Wakaingia vihengeni, wakachukua mahindi.

Ilikuwa sumukuvu. Katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua watu 68 na 20 wakafa, na chanzo kilikuwa ukungu kwenye nafaka iliyohifadhiwa vibaya. Kizota, penye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, haihitaji kufundishwa maana ya punje yenye unyevu. Kilichonivutia katika maneno ya Mzee ni lile swali. Kumtafuta mchawi kungewapa wanakijiji mtu wa kumwadhibu na kuwaachia mahindi yaleyale.

AFANDE: Mzee wangu, mahindi hayana nia. Mtu ana nia. Hiyo ndiyo tofauti, na ni kubwa.

TABIBU: Nakubali, ana nia, na afungwe. Lakini ngumi yenye nia na risasi yenye nia hazinipi kazi moja. Mwenye ngumi nitamshona nyusi arudi kwake. Mimi naiuliza hiyo silaha: ilimfikiaje?

Hapa afande alibadilika. Ukimgusa polisi kwenye habari za silaha, unamgusa kwenye fani yake.

AFANDE: Silaha haioti shambani. Kila SMG uliyoiona mikononi mwa jambazi iliwahi kuwa na ghala, na ghala lilikuwa na mtu aliyesaini. Mwaka 1979 Amin alipoanguka Uganda, Wakaramoja waliingia kambi ya Moroto wakazoa bunduki, na wizi wa ng'ombe wa mikuki ukageuka wa risasi mpaka leo. Sisi Watanzania tulioshinda vita ile hatukupona. Silaha zilisambaa kanda ya Ziwa, ujambazi ukapanda, ndipo Wasukuma wakaanzisha sungusungu. Julai 2015, Stakishari, pale Ukonga, majambazi wamevamia kituo cha polisi, wameua askari wenzetu, wameondoka na bunduki. Agosti 2021, karibu na Ubalozi wa Ufaransa Dar es Salaam, mtu mmoja kaua askari watatu na mlinzi wa kampuni binafsi, na bunduki alizoendelea kupigia alizichukua kwa askari aliowaangusha. Msidhani hatujui.

TABIBU: Afande, umemaliza kutoa mhadhara wa afya ya jamii. Umetaja chanzo na njia ya maambukizi.

Afande alicheka, lakini hakukubali. Nami sitaki kumshindisha tabibu mapema, maana neno "maambukizi" lina historia yake. Gary Slutkin, daktari Mmarekani, alifanya kazi kambi za wakimbizi Somalia miaka ya 1980 akipambana na kifua kikuu na kipindupindu, kisha akaingia Shirika la Afya Duniani kushughulika na Ukimwi, Uganda ikiwa miongoni mwa nchi alizozisaidia. Aliporudi kwao Chicago akatazama ramani za watu waliopigwa risasi, akaona mikusanyiko ileile aliyokuwa akiiona kwenye ramani za kipindupindu. Aliyeumizwa leo, au ndugu yake, ndiye anayerudi kesho na bastola. Mradi wake, ulioanza mwaka 2000, ulitumia watu wa mtaa wanaoaminika, wengine waliowahi kufungwa, kuwahi kati ya tukio la kwanza na kisasi.

MZEE: Hao kwetu ni wazee wa baraza.

KIJANA: Na wewe Babu uliwahi kufungwa?

MZEE: Ningefungwa, mwanangu. Nilikuwa na gobole.

Kimya kidogo, halafu kila mtu akamgeukia. Afande alijitahidi kutazama malori.

MZEE: Lilikuwa la baba. Mtutu wake bomba, kitako mti wa shambani kwetu. Unashindilia baruti, unashindilia kitambaa, unatia vyuma, halafu unaomba Mungu litokee mbele. Nililitunza kwa ajili ya ngiri na nyani, maana mahindi yakianza kukomaa hulali. Jirani yangu lake lilipasuka mkononi. Vidole viwili vilikwenda, na jicho likabaki lina ukungu.

TABIBU: Mlimpeleka wapi?

MZEE: Zahanati. Tulisema kakatwa na mashine ya kusaga.

TABIBU: Na kwa nini hamkusema kweli?

MZEE: Kwa sababu ya hiyo karatasi yako.

Ningeweza kuumaliza mjadala hapa. Karatasi iliyotungwa ili risasi isijifiche ndiyo inayoifanya ijifiche. Kwenye kumbukumbu za zahanati ile gobole halipo. Kuna mashine ya kusaga. Anayepanga bajeti, anayepanga msako, anayepanga mafunzo ya waganga, wote wanasoma mashine ya kusaga. Ukiwa na hamsini kama hao kandokando ya pori la akiba la Swagaswaga au Rungwa, una tatizo kubwa lisiloonekana.

AFANDE: Serikali imewahi kutoa msamaha. Septemba hadi Oktoba, unasalimisha kituoni au kwa mtendaji, huulizwi. Umoja wa Afrika umeufanya Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha. Mzee, ulisalimisha?

MZEE: Nilisalimisha. Lakini hakuna aliyeniuliza ngiri wangu sasa atafukuzwa na nani. Mwaka uliofuata nililala shambani na debe na tochi. Jirani mwingine kaona hivyo, la kwake kalificha.

Swali la Mzee halina jibu la kipolisi. Ni swali la ofisa wa wanyamapori, la mkulima, labda la uzio wa pilipili wanaoutumia wenzetu dhidi ya tembo. Huwezi kuondoa kitu nyumbani kwa mtu bila kuijua kazi kinayofanya. Wanaohesabu magobole yaliyochomwa moto mbele ya kamera wangehesabu pia mashamba yaliyobaki bila mlinzi, tungejua msamaha wa mwakani utaleta mangapi.

Mwenye mashine alikuwa kimya muda wote, anasikiliza injini yake. Aliposema, alisema kama mlipakodi.

MWENYE MASHINE: Mnachanganya mambo. Kuna silaha haramu na silaha halali. Mimi ninayo bastola. Niliandika barua, nikapita kamati ya usalama ya mtaa, ya kata, ya wilaya, nikahojiwa kama naoa binti wa chifu. Mwaka 2016 ulipokuja uhakiki wa silaha nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Msimu wa alizeti natembea na fedha, maana kuna wakulima hawataki za kwenye simu, wanataka noti. Mnataka nijilinde kwa filimbi?

TABIBU: Sijasema uirudishe. Usiku inalala wapi?

MWENYE MASHINE: Chumbani.

TABIBU: Wapi chumbani?

MWENYE MASHINE: Chini ya godoro.

TABIBU: Ina risasi?

MWENYE MASHINE: Sasa mwizi atanisubiri nipakie?

TABIBU: Una watoto wangapi nyumbani, kaka yangu?

Hakujibu. Mwaka 1993 Arthur Kellermann na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine utafiti ulioonyesha kuwa kuwa na bunduki nyumbani kuliambatana na hatari ya mtu kuuawa humohumo ndani iliyo karibu mara 2.7 ya nyumba zisizo nayo, na muuaji mara nyingi alikuwa ndugu au mtu anayefahamika. Wamiliki wa silaha Marekani walikasirika kiasi kwamba mwaka 1996 Bunge lao lilikata dola milioni 2.6 kwenye bajeti ya kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, kiasi kilekile kilichotumika kwa utafiti wa bunduki, na kuweka kifungu kilichowatia watafiti hofu kwa zaidi ya miaka ishirini. Fedha zilirudi mwishoni mwa 2019. Mwaka 2021 pekee bunduki iliua watu 48,830 nchini humo, na zaidi ya nusu walijiua wenyewe. Hiyo nusu ndiyo haionekani kwenye sinema, na polisi wa doria hawezi kuizuia.

Tusiseme ni ya Wamarekani. Mei 2022 mfanyabiashara mmoja wa Mwanza alimuua mkewe kwa risasi, kisha mwili wake mwenyewe ukapatikana ziwani. Nchi nzima ilijadili mapenzi kwa wiki kadhaa: nani alimsaliti nani. Swali la bastola iko wapi mume na mke wakigombana lilipita haraka.

AFANDE: Hapo mwenye mashine niruhusu. Sisi polisi, ukimaliza zamu, silaha unairudisha ghalani, inahesabiwa na risasi zake, unasaini. Huendi na SMG kwa mkeo. Wewe raia uliyepewa kwa barua ya mtaa unalala juu yake?

TABIBU: Israel walikuwa wanawaruhusu askari wao vijana kwenda na bunduki nyumbani wikiendi. Mwaka 2006 jeshi likabadilisha, zibaki kambini. Waliojiua wakapungua kwa asilimia 40 hivi. Hawakuwabadilisha roho vijana wale, walibadilisha mahali bunduki inapolala.

AFANDE: Sasa hiyo si afya ya umma. Huo ni utaratibu wa ghala.

TABIBU: Afande, afya ya umma karibu yote ni utaratibu. Hata choo ni utaratibu.

Mwenye mashine aliuliza bei ya kasha la chuma la kufungia. Nakiandika kwa sababu ndicho kitu pekee kilichobadilika benchini alasiri ile. Kamati zilizomhoji ziliuliza tabia yake, deni lake, ulevi wake. Zingeweza kuuliza pia kasha, na mwenyekiti wa mtaa angeweza kuingia chumbani kulitazama. Gharama ya kasha huenda ni ndogo kuliko ya kumsafirisha majeruhi mmoja kutoka hapa hadi Muhimbili.

Kuhusu ulevi, niongeze jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Rodrigo Guerrero, daktari wa magonjwa ya jamii aliyekuwa meya wa Cali, Colombia, miaka ya 1992 hadi 1994, alihesabu maiti za jiji lake kwanza kabla ya kutoa amri. Akakuta bunduki na pombe zinakutana siku za mapumziko na siku za mishahara. Akapiga marufuku kubeba silaha siku hizo, hata kwa wenye kibali, na katika siku za marufuku mauaji yalipungua kwa takriban asilimia 14. Kizota mshahara ni msimu wa alizeti.

KIJANA: Wazee wangu, naomba niseme bila kupigwa. Mnazungumzia gobole la Babu na bastola ya Bosi. Septemba 7, 2017, hapa Dodoma, Area D, mbunge Tundu Lissu alimiminiwa risasi nje ya nyumba yake mchana, 16 zikampata. Madaktari wa hospitali ya mkoa wakamshikilia, akarushwa Nairobi, kisha Ubelgiji. Hadi leo hakuna aliyefikishwa mahakamani. Februari 2018 mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji amekaa zake kwenye daladala Kinondoni, polisi wanatawanya maandamano, risasi imempata, amekufa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, ninyi wenyewe mnajua. Hao wanaandikwa kwenye daftari gani? Aliyepigwa risasi ya polisi naye aende kituoni kuchukua PF3?

Afande alikunja mikono. Alichukua muda.

AFANDE: Ya Oktoba yaliundiwa tume.

KIJANA: Nauliza daftari, Afande, siulizi tume.

Ni kweli Rais Samia aliunda tume Novemba 2025, akampa Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman aiongoze. Lakini kijana alikuwa amegusa jambo ambalo sheria peke yake hailifikii. Wiki zile ugomvi wa kwanza ulikuwa wa hesabu: ni wangapi? Kila upande ulikuja na namba yake, na namba ikawa silaha nyingine. Nchi yenye mazoea ya kujumlisha majeraha ya risasi kila mwezi, hospitali kwa hospitali, mwezi wa kawaida na mwezi wa taharuki, isingebishana hivyo. Ingekuwa na daftari lililoanza kuandikwa kabla ya ugomvi, na watu wasiokuwa na upande. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za kuipeleka risasi wizara ya afya: polisi hawezi kuwa mhesabuji pekee wa kitu ambacho naye anakitumia. Simtukani afande. Hata mhasibu hajikagui.

TABIBU: Kuna mji unaitwa Cardiff, Wales. Daktari wa upasuaji wa mdomo na taya, Jonathan Shepherd, alichoka kushona nyuso. Akagundua wengi aliowashona hawakuwa kwenye kumbukumbu za polisi. Basi mapokezi ya dharura wakaanza kumuuliza kila aliyeumizwa: wapi, lini, kwa kitu gani. Jina halikutoka hospitalini. Majibu yakajumlishwa, wakapewa polisi na halmashauri. Polisi wakajua baa gani na saa ngapi. Baa zikaambiwa zibadilishe glasi. Waliolazwa kwa majeraha ya ugomvi wakapungua kuliko miji inayofanana nao. Hapa kwetu siombi mashine. Naomba mistari minne nyuma ya karatasi tuliyonayo: mahali, saa, aina ya silaha, ilitoka wapi kama anajua. Nakala ibaki kwetu, ikusanywe kila mwezi.

AFANDE: Na jina?

TABIBU: Jina linabaki kwenye ile ya kwako, kwa anayetaka kesi. Kwenye ya kwangu halimo.

AFANDE: Kwa hiyo jambazi aliyepigwa risasi usiku, unamshona, anaondoka, mimi napewa mstari unaosema "bastola, saa saba, Kizota"?

TABIBU: Na jirani yake Mzee naye anakuja, anasema ni gobole, hasemi mashine ya kusaga. Wewe unapoteza mmoja, unapata kumi usiowajua.

AFANDE: Huyo mmoja ndiye ataniulia askari. Siwezi kukubali hilo, Dokta, na hakuna mkuu wa kituo atakayekubali.

MWENYE MASHINE: Si muweke kiwango? Risasi za kiwandani, jina litoke. Gobole, lisitoke.

KIJANA: Na za polisi je?

Walizungumza wote kwa pamoja. Mimi nina maoni: jina lisitoke hata moja kwenye nakala ya kuhesabia, na sheria iseme hivyo waziwazi, maana ukiacha mlango wazi kwa ajili ya jambazi mmoja, watakaogeuka na kurudi nyumbani na jeraha lao ni wakulima. Afande ataniona mjinga, na ana maiti za wenzake za kunionyesha.

AFANDE: Siku utakayomficha mtu, Dokta, utaitwa mahakamani.

TABIBU: Nimeshaitwa mara nyingi kusomea PF3 zangu. Hakimu huniuliza hii ni saini yako. Hajaniuliza hata siku moja ni ya ngapi mwezi huo.